Rutuba ya Ukutani: Jiwe, Chokaa na Saruji kutoka Mwambao hadi Nyanda za Gusii

1. Utangulizi

Katika Kiswahili cha zamani neno rutuba lilikuwa na maana mbili zilizokaa pamoja bila kugombana. Lilimaanisha unyevu, kama asili yake ya Kiarabu inavyotuonyesha, na lilimaanisha pia hali ya ardhi inayozaa vizuri. Siku hizi maana ya pili imeisukuma ya kwanza pembeni. Mwanafunzi wa leo akisikia kwamba ukuta una rutuba atacheka, kwa kuwa kwake yeye rutuba ni jambo la shamba. Hata hivyo, hakuna mahali ambapo maana hizo mbili zinakutana waziwazi kama katika nyanda za Gusii, yaani kaunti za Kisii na Nyamira. Huko mvua ya mwaka huzidi milimita 1,500, na sehemu nyingi hukaribia 2,000 au kupita. Mvua hiyo ndiyo inayostawisha majani ya chai, migomba na mahindi. Na ndiyo hiyo hiyo inayobandua lipu, kuotesha kuvu na kulainisha udongo uliounganisha mawe ya majengo ya kale.

Makala haya yanakusudia kueleza historia ya tatizo hilo la pili, yaani unyevu katika kuta za majengo ya mawe, na kulieleza kwa kufuata njia ya maneno. Yaweza kuulizwa: jarida la lugha lina haja gani na ukuta uliolowa? Jibu letu ni kwamba maarifa ya ufundi huhifadhiwa mahali pawili, mikononi mwa fundi na katika msamiati wake. Mikono ikipotea, msamiati hubaki kwa muda kama ushahidi. Msamiati nao ukipotea, au maneno yakihamishwa kutoka kitu kimoja hadi kingine bila tahadhari, fundi wa kizazi kijacho hufanya makosa huku akidhani anafuata desturi. Tutajaribu kuonyesha kwamba jambo la namna hiyo limetokea kwa neno saruji na kwa neno chokaa, na kwamba kuta za Gusii zinalipa gharama yake.

2. Ukuta na kiambaza

Waswahili wa mwambao hawakuwa na neno moja tu la kile tunachokiita ukuta leo. Ukuta hasa ulikuwa wa mawe na chokaa. Wa miti iliyofungwa fito na kujazwa udongo uliitwa kiambaza, au kiwambaza, na neno hili lina uhusiano na kitenzi kuwamba, yaani kutandaza kitu na kukikaza juu ya kiunzi, kama ngozi juu ya ngoma. Vitenzi navyo vilitofautiana. Kiambaza kilikandikwa, lakini ukuta uliakwa. Kitenzi kuaka, chenye maana ya kujenga kwa mawe, kimo katika kamusi za zamani, ikiwa pamoja na ile ya Johnson ya mwaka 1939. Leo karibu hakuna anayekitumia, lakini mtoto wake angali hai: mwashi ni mtu anayeaka, kama vile mpishi ni mtu anayepika na mwandishi ni mtu anayeandika. Tumebaki na mtendaji huku tumesahau tendo lake.

Pamoja na kuaka kulikuwa na vitenzi vingine vilivyogawa kazi ya uashi hatua kwa hatua. Kutomea kulikuwa ni kujaza nafasi zilizo baina ya mawe makubwa kwa vijiwe na chokaa ili uso wa ukuta usawazike. Neru ilikuwa lipu nyembamba nyeupe ya mwisho, iliyosuguliwa hadi ikawa laini. Kusakifu kulikuwa ni kutengeneza sakafu, ambayo katika nyumba za ghorofa ilikuwa pia ndiyo paa: mawe na chokaa juu ya boriti, vikapondwa kwa muda mrefu mpaka vikashikana. Kila neno kati ya haya lilitaja hatua inayohusu maji: wapi yazuiwe, wapi yaelekezwe, na wapi yaachwe yapite.

Ni muhimu kukumbuka kwamba kiambaza kilitangulia ukuta. Uchimbuzi wa Mark Horton huko Shanga, katika kisiwa cha Pate, katika miaka ya 1980, ulionyesha mfululizo wa miskiti iliyojengwa mahali pamoja, ya miti na udongo chini, na ya mawe ya matumbawe juu yake. Kwa maoni yetu, mwashi wa kwanza wa mwambao hakuanza na akili tupu. Aliyajua tayari mambo ambayo kila mwenye nyumba ya udongo huyajua: kwamba ukuta hunywa maji, kwamba hauwezi kukatazwa kunywa, na kwamba salama yake ni kupewa nafasi ya kukauka.

3. Ukuta unaopumua

Chokaa ya mwambao ilipatikana kwa kuchoma matumbawe. Vipande vilipangwa juu ya rundo la magogo, moto ukawashwa, na joto lilipofika kiasi cha nyuzi 900 hewa ya kaboni iliyofungamana na jiwe ikatoka. Kilichobaki kilimwagiwa maji, kikafura na kusagika, kisha kikaachwa kwa muda kabla ya kutumiwa. Chokaa hiyo, ikichanganywa na mchanga au na udongo mwekundu, huirudisha polepole hewa ile ile iliyotolewa na moto, na hivyo hugeuka tena kuwa jiwe. Lakini ni jiwe lenye vitundu vidogo vingi. Maji huingia ndani yake, na jua na upepo zinapokuja, hutoka.

Kwa hiyo ukuta wa kale wa Lamu, Mombasa au Unguja, ambao aghalabu una unene wa nusu mita au zaidi, haukuwa chombo kisichopitisha maji. Ulikuwa kama mtungi wa udongo, ambao hutoa jasho na kwa kutoa jasho hupoza kilichomo. Kupaka chokaa nyeupe nje mara kwa mara hakukuwa pambo peke yake. Tabaka hilo jembamba lilikuwa ndilo la kuliwa na mvua badala ya jiwe. Lilipokwisha, lilipakwa jingine. Ukuta ulihifadhiwa kwa kukubali kwamba kitu fulani lazima kiharibike, na kwa kuchagua kitu cha bei nafuu kiwe ndicho kinachoharibika.

Tusije tukaupamba wakati uliopita kupita kiasi. Nyumba za mwambao zilikuwa na udhaifu wake. Paa bapa la chokaa lilipasuka na kuvuja, na ndiyo maana majumba mengi ya Unguja yaliwekewa mabati juu baadaye. Matumbawe na mchanga wa pwani vina chumvi, na chumvi huvuta unyevu kutoka hewani hata siku ambayo mvua haikunyesha. Zaidi ya yote, ukuta wa chokaa unahitaji mtu wa kuutunza kila mwaka. Mji Mkongwe wa Zanzibar ulipokosa watunzaji katika miaka iliyofuata Mapinduzi ya 1964, nyumba nyingi ziliporomoka kwa sababu ya maji tu. Mamlaka ya kuuhifadhi mji huo iliundwa mwaka 1985, na mji ukaingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000. Hata hivyo tarehe 25 Desemba 2020 sehemu kubwa ya Beit al-Ajaib, jumba lililojengwa na Sultani Barghash mwaka 1883 na ambalo kwa miaka mingi lilikuwa likivujiwa, ilianguka, na watu wawili wakapoteza maisha. Unyevu si suala la madoa ya ukutani pekee.

4. Saruji: jina na kitu

Sasa tulitazame neno saruji. Asili yake ni Kiajemi, sārūj, nalo limepita katika lugha nyingi za Ghuba. Nchini Oman hadi leo sarooj ni jina la kiunganishi cha jadi kinachotokana na udongo uliochomwa, ambacho huchanganywa na chokaa. Kimetumika katika mifereji ya aflaj, katika mabirika na katika ngome. Hushika hata penye maji, lakini ni jamaa wa chokaa: ni laini kuliko jiwe, nacho huruhusu unyevu kupita. Bila shaka neno hili lilivuka bahari pamoja na watu waliokijua kitu chenyewe.

Mwaka 1824 fundi Mwingereza, Joseph Aspdin wa mji wa Leeds, alipata hataza ya unga alioupa jina la Portland, kwa kuwa aliona kwamba ukikauka unafanana na jiwe la mahali hapo. Unga huo, baada ya kuboreshwa na wengine, ndio uliokuja kutawala ujenzi wa dunia nzima. Ulipofika Afrika ya Mashariki ulihitaji jina, na Kiswahili, kama ilivyo desturi yake ya ukarimu, kilimpa mgeni nguo ya mwenyeji. Uliitwa saruji. Kenya bara watu wengi walisema simiti, na wangali wakisema hivyo, lakini vitabuni na shuleni jina likawa saruji. Kiwanda cha Bamburi, karibu na Mombasa, kilipoanza uzalishaji mwaka 1954, bidhaa hiyo ilikoma kuwa kitu cha kusubiri meli. Ikawa kitu cha dukani.

Kwa mtazamo wa isimu, hili ni badiliko la kawaida la maana: jina limebaki, kinachotajwa kimebadilika. Kwa mtazamo wa ukuta, lilikuwa msiba. Saruji ya kale na saruji ya kiwandani zina tabia zinazopingana. Ya kwanza ni laini na hupumua. Ya pili ni ngumu, nzito, na hupitisha unyevu kidogo sana. Ya kwanza hufuata ukuta unaposogea kidogo kwa joto au kwa msingi kutulia. Ya pili haisogei, hupasuka. Na ufa mwembamba kama uzi unatosha kuingiza maji ya mvua, ilhali hautoshi kuyatoa. Jua likiwaka, maji yaliyonaswa nyuma ya lipu hayana njia ila kupanda juu zaidi au kutokea upande wa ndani, chumbani. Tena saruji ya kiwandani ina chumvi zake zinazoyeyuka, na ukuta wa kale ambao ulikuwa na chumvi kidogo huongezewa nyingine.

Mtu akisoma katika waraka wa zamani kwamba nyumba fulani ilipigwa lipu ya saruji, kisha akaagiza mifuko ya saruji ili airudishe nyumba hiyo katika hali yake ya kwanza, atakuwa ametii neno na kuasi kitu. Hapa ndipo kazi ya mwanaleksikografia inapokuwa kazi ya uhifadhi pia. Kamusi inayoeleza saruji kwa maana yake ya leo tu imefunga mlango wa ushahidi.

5. Jiwe lapanda Gusii

Nyanda za Gusii zilikuwa na historia yake ya jiwe kabla ya ukoloni. Katika eneo pana linalozunguka ghuba ya Winam kuna mabaki ya maboma ya mawe yaliyopangwa bila kiunganishi chochote. Lililo maarufu zaidi ni Thimlich Ohinga, katika kaunti ya Migori, lililoingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2018. Kuta zake, ambazo zinadhaniwa zilijengwa mnamo karne ya 16, zina unene wa wastani wa mita moja, na sehemu nyingine zina kimo cha zaidi ya mita nne. Ukuta wa namna hiyo hauna tatizo la unyevu kwa sababu hauna kitu cha kuunasa: maji huingia baina ya mawe na kushuka chini.

Nyumba ya kuishi, enyomba kwa Ekegusii, haikuwa ya mawe. Ilikuwa ya miti, fito na udongo, ikakandikwa kwa mchanganyiko wa udongo na samadi ya ng'ombe, na kuezekwa kwa nyasi. Tukiitazama kwa macho ya fundi tutaona mambo manne. Paa lake lilishuka na kutokeza mbali nje, hivyo kwamba mvua haikugonga ukuta. Moto wa ndani uliukausha ukuta kila siku. Udongo uliokandikwa ulinywa unyevu na kuutoa. Na mkandiko ulirudiwa mara kwa mara, kazi ambayo aghalabu ilikuwa ya wanawake. Hapo tunapata kanuni ile ile ya mwambao, ya kunywa, kukauka na kupakwa upya, ingawa watu wa Gusii hawakuipata kwa watu wa Lamu wala watu wa Lamu kwao.

Jengo la mawe ya kuunganishwa lilikuja na serikali na misheni. Baada ya msafara wa kijeshi wa mwaka 1905, Waingereza walianzisha kituo mahali ambapo sasa ni mji wa Kisii, na mwaka 1908 upinzani ulizuka tena Otenyo alipomchoma mkuki ofisa wa wilaya, Northcote. Wenyeji walipaita mahali hapo Bosongo, yaani kwa Abasongo, kwa Wazungu, jina ambalo lingali likitumika na ambalo limeundwa kwa fikra ile ile iliyounda jina la Uzunguni katika miji mingine. Wamisheni Wakatoliki wa Mill Hill walifika Nyabururu mwaka 1911, na Waadventista wakafika Nyanchwa muda mfupi baadaye. Tarehe 12 Septemba 1914 Waingereza na Wajerumani walipigana Kisii. Vita vilipokwisha kazi ya ujenzi iliendelea, na kwa miongo iliyofuata jiwe, tofali la kuchoma na bati vikawa alama ya ofisi, kanisa, hospitali na shule.

Tujaribu sasa kusema jambo ambalo kwa maoni yetu halijasisitizwa vya kutosha. Kiswahili kilipanda kwenda Gusii, kupitia askari, makarani, wafanyabiashara na shule. Jiwe la kujengea nalo likapanda. Lakini havikupanda pamoja. Jiwe lilikuja mikononi mwa Wazungu na mafundi wao, likiwa na msamiati wa Kiingereza: simiti, plasta, na baadaye dipisi, ambavyo ndivyo mafundi wa Kenya huliita tabaka la kuzuia unyevu kwa kufuata herufi zake za Kiingereza. Kuaka, kutomea na neru vilibaki pwani. Hivyo fundi wa Gusii akapokea lugha bila chokaa yake. Alikuwa na maarifa ya enyomba, ambayo yangemfaa sana, lakini aliambiwa kwamba hayo ni mambo ya nyumba ya udongo na kwamba jengo la mawe ni kitu cha aina nyingine. Kutoka kiambaza hadi ukuta, kamba ilikatika.

6. Jinsi maji yaingiavyo

Mawe magumu ya asili ya Gusii, kama vile yale ya volkano na mawe ya kwatzi yanayoonekana katika jabali la Manga, hunywa maji kidogo. Hata jiwe la sabuni la Tabaka, ambalo limewapatia wachongaji wa huko sifa duniani, halipenyezi maji kwa urahisi ingawa ni laini. Kwa hiyo katika ukuta wa mawe magumu, unyevu hausafiri hasa ndani ya jiwe. Husafiri katika viungo. Na katika majengo mengi ya mwanzo ya bara, viungo vilikuwa vya udongo kwa ndani, vikafunikwa kwa chokaa au saruji kwa nje tu. Basi afya ya ukuta wote hutegemea udongo ule usioonekana.

Maji huufikia udongo huo kwa njia tatu. Njia ya kwanza ni mvua, inayopiga uso wa ukuta au kushuka kutoka juu pale ambapo bati limetoboka au mlizamu umeziba. Paa la bati lilipochukua mahali pa nyasi, mara nyingi lilikatwa fupi. Maji yanayomwagika kutoka ukingoni mwake hugonga ardhi na kurukia ukuta, na huacha mstari wa tope jekundu ambao kila mtu wa Gusii anaujua. Njia ya pili ni ardhi. Maji hupanda kutoka chini katika vijia vyembamba vya udongo na chokaa kama mafuta yapandavyo katika utambi wa taa, kwa kawaida hadi kiasi cha mita moja. Huko Uingereza, katika robo ya mwisho ya karne ya 19, kanuni za ujenzi zilianza kudai tabaka la kuzuia unyevu juu ya msingi, lakini majengo mengi ya zamani hayana. Katika nchi ya vilima kama Gusii njia hii ina nguvu zaidi, kwa kuwa nyumba hukatiwa kitalu mlimani na udongo wa upande wa juu husukuma maji ukutani. Miaka inavyopita mmomonyoko huleta udongo zaidi, bustani huinuliwa, na mwishowe ardhi ya nje huwa juu kuliko sakafu ya ndani.

Njia ya tatu husahauliwa. Mji wa Kisii uko kiasi cha mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na usiku joto hushuka hadi karibu nyuzi 15 au 16. Pumzi za watu waliokusanyika darasani au kanisani, mvuke wa chakula na nguo zilizolowa hukutana na ukuta baridi na kugeuka maji juu yake. Katika enyomba moto uliizuia hali hiyo. Katika jengo la mawe lenye madirisha yaliyofungwa, hakuna cha kuizuia, na kuvu jeusi huota pembeni mwa dari ambako maji ya ardhini hayawezi kufika. Anayetaka kutibu ukuta ni lazima kwanza ajue ni njia ipi kati ya hizi tatu. Doa la chini lenye ukingo wa chumvi nyeupe, doa la juu linalofuata mvua, na kuvu la pembeni ni magonjwa tofauti, ingawa mwenye nyumba huyaita yote kwa jina moja.

7. Dawa inayoua

Dawa iliyozoeleka ni kubandua lipu iliyooza na kupiga ya saruji, nene zaidi, kisha kupaka rangi ya mafuta. Kwa mwaka mmoja au miwili ukuta huonekana umepona. Lakini maji yaliyokuwa yakitokea kwenye kimo cha goti sasa hutokea kwenye kimo cha kifua, kwa sababu njia ya chini imezibwa. Chumvi huganda nyuma ya lipu na kuisukuma. Udongo ulioko ndani, ambao zamani ulilowa na kukauka, sasa hulowa tu. Hulainika, na mawe huanza kukaa juu ya tope. Aliyelipia kazi hiyo husema kwamba ukuta ni mzee. Ukweli ni kwamba ukuta umevalishwa koti la mpira na kuambiwa usitoe jasho.

Hatusemi kwamba saruji ya kiwandani ni adui. Jengo jipya, lenye msingi wake, tabaka lake la kuzuia unyevu na viungo vya saruji toka chini hadi juu, ni jengo la kanuni nyingine, na kwa kanuni hiyo ni imara. Kosa ni kuchanganya kanuni mbili katika ukuta mmoja.

Tiba ya ukuta wa kale huanzia mbali na ukuta. Milizamu irekebishwe na mabati yaongezwe ukingoni. Udongo wa nje uondolewe mpaka uwe chini ya sakafu, na mtaro wenye kokoto uchimbwe upande wa mlimani. Madirisha yafunguke. Mara nyingi hatua hizi peke yake hutosha. Ndipo lipu ya saruji ibanduliwe kwa uangalifu, na ukuta uachwe ukauke. Hapo subira inahitajika: mafundi wa uhifadhi hukadiria mwezi mmoja kwa kila milimita 25 za unene, maana yake ni kwamba ukuta wa sentimita 45 waweza kuhitaji mwaka mmoja na nusu. Mwishowe viungo vitomewe na uso upigwe lipu kwa chokaa na mchanga. Kwa kuwa chokaa hushika polepole na huharibiwa na mvua ikiwa mbichi, katika Gusii kazi hiyo inafaa kufanywa kuanzia Desemba hadi Februari, wakati mvua inapopungua.

Hapa tena lugha inatutega. Mkulima wa Gusii anaijua chokaa vizuri: ni unga mweupe unaomwagwa shambani kupunguza ukali wa udongo. Lakini chokaa ya shambani mara nyingi ni jiwe lililosagwa tu bila kuchomwa. Haishiki, hata ikichanganywa na mchanga bora. Chokaa ya kuakia ni ile iliyopita motoni na kuzimwa kwa maji. Mawe ya chokaa hayako mbali, kwani huchimbwa Koru, karibu na Muhoroni. Lakini mwenye jengo akiagiza chokaa bila kueleza ni ipi, aweza kuletewa mifuko ya shambani, lipu ikaanguka, na watu wakahitimisha kwamba mambo ya wazee hayafai. Jina moja kwa vitu viwili ni hasara ile ile tuliyoiona kwa saruji.

8. Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba mwambao na Gusii, bila kuambizana, zilifikia hekima moja kuhusu ukuta na maji, na kwamba hekima hiyo ilivunjika pande zote mbili jiwe lilipopata kiunganishi kipya chini ya jina la zamani. Sheria ya Makavazi na Urithi ya mwaka 2006 inaruhusu majengo ya bara kutangazwa na kulindwa sawasawa na ya pwani. Lakini tangazo la serikali halikaushi ukuta. Kinachohitajika ni fundi anayejua anachofanya, na fundi huyo anahitaji maneno ya kufundishwa nayo.

Kwa hiyo tunapendekeza mambo matatu kwa wenzetu wa leksikografia na istilahi. Kwanza, kamusi zitofautishe saruji ya jadi na saruji ya kiwandani, na chokaa ya kuakia na chokaa ya shambani. Pili, vitenzi kuaka na kutomea pamoja na nomino kiambaza na neru virudishwe katika vitabu vya vyuo vya ufundi, maana hakuna haja ya kubuni istilahi pale ambapo lugha ilikwisha kuwa nazo. Tatu, msamiati wa Ekegusii unaohusu ujenzi na ukandikaji wa enyomba ukusanywe sasa, wakati wapo wazee waliozikandika nyumba hizo kwa mikono yao, na wanawake waulizwe kwanza. Wao ndio waliokuwa wakizuia maji ya Gusii yasiiangushe nyumba, mwaka baada ya mwaka, kabla ya mfuko wa kwanza wa simiti kufunguliwa Bosongo.